Mafuta ya Kukaangia Yaliyoganda kwenye Hitisinki

Maswali ya wasomaji kuhusu vifaa vya kompyuta

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mama mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Tanga, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hukaanga chipsi kuanzia saa kumi jioni mpaka usiku. Kompyuta yangu ya mezani imekuwa ikizima yenyewe kila ninapochapa kazi ndefu, na feni yake inaunguruma kama mashine ya kusaga. Fundi mmoja wa mtaani aliifungua, akaipeleka kwa mziba pancha kuipuliza kwa kompresa, akairudisha akisema imepona. Baada ya siku nne ikaanza tena. Nilipochungulia mwenyewe niliona kile kipande cha alumini kilicho chini ya feni kimejaa uchafu wa kahawia ulioshikamana na vumbi, na ukiugusa unanata kidoleni kama ulimbo. Mmoja ananiambia nitumie petroli, mwingine maji na sabuni. Je, kipande kile kinaweza kuoshwa kwa maji, na nitumie nini ili kisiharibike? — Mama wa kopi, Tanga

JIBU: Mama, kinaoshwa, tena kwa maji na sabuni ya vyombo, mradi kiwe kimetenganishwa kabisa na kila kitu kinachopitisha umeme. Petroli isahau kabisa, na sababu yake nitaieleza nikifika kwenye habari ya moto.

Kipande hicho mafundi hukiita hitisinki. Ni pande la alumini, mara nyingine lenye kitako cha shaba, lililogawanywa kuwa mapezi membamba mengi ili joto linalotoka kwenye prosesa, ile chipu kuu inayofanya hesabu zote za kompyuta, lipate eneo pana la kutokea, na feni iliyo juu yake hupitisha hewa katikati ya mapezi hayo. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 5,000 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo kazi ya hitisinki haikwami kwenye chuma chenyewe. Hukwama pale hewa inaposhindwa kupita. Nafasi kati ya pezi na pezi ni milimita chache tu, na utando wa mafuta ukishanasa vumbi, nyuzi za nguo na vipande vya karatasi kama vile visivyokosekana dukani kwako, nafasi hiyo huzibwa mithili ya blanketi. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na joto likizidi kupanda kompyuta huzima, jambo ambalo ndilo unaloliona ukichapa kazi ndefu.

Upepo wa kompresa haukusaidia kwa sababu ulichokuwa nacho hakikuwa vumbi peke yake. Mafuta yanapokaangiwa kwenye nyuzi 170 hadi 180 hupanda hewani kama ukungu wa matone madogo yasiyoonekana, na feni ya kompyuta huyavuta kila jioni kama inavyovuta hewa nyingine. Yakishatua kwenye alumini yenye uvuguvugu hayabaki kuwa mafuta ya kawaida, maana oksijeni huanza kuyaunganisha chembe kwa chembe, yakawa mazito, kisha yakawa ulimbo huo ulioushika kwa kidole, na mwisho yakakauka kuwa ngozi ngumu inayong'aa. Ni jambo lile lile linaloyafanya mafuta ya kitani yakauke kwenye rangi za wachoraji. Mafuta ya alizeti huganda hivyo upesi kuliko ya mawese. Ukitaka kuuona mwisho wa safari hiyo, tazama ukingo wa nje wa karai la jirani yako, ile rangi ya kahawia ambayo hata steli wulu huitoa kwa shida. Upepo hauna uwezo wowote juu ya kitu cha namna hiyo. Tena hewa ya kompresa ya mziba pancha mara nyingi huja na maji na mafuta kutoka kwenye tangi lake, na ikiizungusha feni kwa kasi ambayo haikutengenezewa huharibu beringi zake. Huenda sehemu ya muungurumo unaousikia ilitokana na matibabu hayo.

Kabla ya kuchagua dawa, ujue uchafu wako umefikia hatua gani. Pitisha kidole kwenye pezi la pembeni: ukitoka na utelezi, mafuta bado ni mabichi na alkoholi au sabuni itayaondoa mara moja. Ukinata, yameanza kuganda na yanahitaji kulowekwa. Ukikwaruza kwa ukucha na kusikia ugumu kama wa rangi ya ukutani, basi hayo yamekwisha kuwa ngozi, na nitakuambia baadaye kwa nini huna haja ya kuhangaika nayo sana. Kwa maelezo yako, wewe uko hatua ya pili.

Sasa tufungue. Washa kompyuta kwa dakika kumi ili pesti, yaani ule uji wa kupitishia joto ulio kati ya prosesa na hitisinki, ilainike, kisha izime, chomoa waya wa umeme ukutani, na ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki ndani iishe. Gusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini mwako uondoke. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote, kisha chomoa plagi ndogo ya feni kwenye madabodi, yaani ubao mkuu wa umeme wa kompyuta, kwa kushika plagi yenyewe na si nyaya. Hitisinki nyingi zinazokuja na prosesa za Intel hushikwa na miguu minne ya plastiki, ambayo kila mmoja huzungushwa robo duara kinyume cha mshale wa saa kisha ukavutwa juu. Nyingine zina skrubu, na hizo hulegezwa kwa mshazari, kidogo kidogo, usimalize moja kabla ya kugusa nyingine.

Hapa naomba uende taratibu. Usiinue hitisinki kwa kuinyanyua moja kwa moja, bali izungushe kushoto na kulia mpaka uisikie imeachia. Katika prosesa nyingi za AMD, hasa zile za miaka iliyopita zenye miguu ya pini upande wa chini, pesti ikiwa imekauka hitisinki hung'oka pamoja na prosesa kutoka kwenye soketi, yaani kikalio chake, ilhali klipu bado imefungwa. Mimi mwenyewe yalinipata: nilivuta kwa haraka, nikageuza nilichokishika, nikakuta prosesa imening'inia chini yake na pini za kona moja zimelala. Jioni nzima ilikwisha nikizinyoosha kwa ncha ya sindano, moja baada ya moja, huku nikijilaumu kwa kutowasha mashine kwanza.

Ukishaitoa, tenganisha feni na alumini, maana feni haiingii majini. Mapanga yake na fremu yake huyafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa katika maji ya sabuni, na kwenye kona hutumia kijiti kilichozungushiwa pamba, lakini kitovu cha katikati chenye mota na kibandiko kisiguswe na unyevu. Asetoni, yaani ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, isikaribie feni hata kidogo, kwa kuwa huyeyusha aina kadhaa za plastiki na panga lililoyeyuka upande mmoja halizunguki sawasawa tena.

Kwenye hitisinki yenyewe, anza na pesti ya zamani iliyo chini ya kitako. Ifute kavu kwanza, halafu umalizie kwa kitambaa chenye alkoholi ya aisopropili, nzuri zaidi ikiwa ya asilimia 90 au zaidi. Ukiitumbukiza hitisinki majini ikiwa bado na pesti, ule ute wa kijivu husambaa ndani ya mapezi na utautafuta siku mbili. Kisha chukua beseni, weka maji ya moto kiasi ambacho mkono unavumilia kwa shida, kijiko kimoja au viwili vya sabuni ya maji ya vyombo kwa kila lita, uizamishe na uiache nusu saa. Utaona maji yanaanza kugeuka rangi ya chai. Sugua kwa mswaki laini ukifuata mwelekeo wa mapezi, kamwe usikatize, kwa sababu mapezi ni membamba kiasi cha kupinda kwa kidole na makali kiasi cha kukikata kidole hicho hicho. Mwaga, weka maji mapya ya moto, rudia. Kwa kazi ya miaka miwili ya chipsi, mara tatu ni kawaida.

Pakibaki sehemu inayonata ambayo sabuni imeshindwa, chovya pamba kwenye mafuta ya taa kidogo, ulegeze sehemu hiyo peke yake, halafu uioshe tena kwa sabuni mpaka harufu iishe, kwa maana mafuta ya taa nayo huacha utando wake ukiyaachia. Na ukiona pezi limebaki na doa jembamba la kahawia ambalo ni gumu na halinati, liache. Doa hilo halizuii hewa na unene wake haufikii kuzuia joto kwa kiasi cha kukuhangaisha. Wanaolisugua mpaka ling'ae huishia kuharibu mapezi kwa ajili ya urembo ambao hakuna atakayeuona kasha likifungwa.

Dawa nyingine ambazo watu huzikimbilia zina madhara ambayo jiko lako limekwisha kukuonyesha. Sufuria ya alumini iliyopikiwa maharage yenye magadi hugeuka nyeusi ndani, kwa sababu alkali hula alumini. Kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni na inayopatikana pia katika dawa kali za kusafishia oveni, hufanya hivyo kwa nguvu zaidi, ikitoa mapovu ya haidrojeni na kuacha chuma kimechimbika. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo huacha vitundu vidogo vidogo kwenye alumini. Ndimu na siki hung'arisha shaba kwa muda, lakini ni asidi, na zikibaki kwenye maungio zinaendelea kula taratibu. Steli wulu hukwaruza kitako kinachotakiwa kuwa laini, tena huacha nyuzi za chuma ambazo zikidondoka kwenye madabodi huunganisha njia za umeme zisizopaswa kukutana.

Suuza kwa maji safi mengi, na suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyochujwa kwa mvuke, haya yanayouzwa vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri. Soma chupa vizuri usije ukachukua asidi ya betri, kwani katika rafu huwekwa jirani. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na chumvi ikikaukia kwenye alumini huvuta unyevu na kuanzisha kutu nyeupe. Kung'uta, weka mbele ya feni au juani, na uipe siku nzima, kwa sababu maji hujificha pale mapezi yanapokutana na kitako. Usiiharakishe juu ya jiko: hitisinki zenye mirija ya shaba huwa na kimiminika kidogo, kwa kawaida maji, kilichofungiwa ndani ya mirija hiyo, na moto mkali huweza kuipasua.

Kuhusu moto niliokuahidi: mvuke wa aisopropili huweza kushika moto hata kimiminika chenyewe kikiwa na nyuzi 12 tu za joto, na Tanga hakuna siku inayoshuka kufikia hapo. Petroli ni mbaya zaidi, kwani mvuke wake huwaka hata kwenye baridi kali na hutambaa chini ya mlango kwenda kuutafuta moto uliko. Kwa duka lililopakana na jiko la chipsi, fanya kazi ya alkoholi asubuhi kabla jirani hajawasha, mlango ukiwa wazi, na kwa kumimina kwenye kitambaa badala ya kumwaga kwenye kifaa.

Wakati wa kurudisha, pesti mpya yenye ukubwa wa punje ya mchele mnene katikati ya prosesa inatosha, na kaza miguu au skrubu kwa mshazari kama ulivyolegeza. Washa, uangalie kuwa feni inazunguka, na usome joto kwenye ukurasa wa baiosi, ule wa mipangilio unaofunguliwa kabla Windows haijaanza: katika chumba cha nyuzi 30 na ushei, kusoma 45 au 50 wakati mashine imetulia si jambo la kukutia hofu. Feni ikiendelea kuunguruma baada ya kusafishwa, beringi zimekwisha. Nunua nyingine ya ukubwa ule ule na plagi yenye idadi ile ile ya matundu.

Uchafu utarudi, Mama, maana jirani hataacha biashara yake. Ondoa kasha sakafuni, uligeuze ili tundu la kuvutia hewa lisielekee ukuta wa jikoni, na ubandike mbele ya tundu hilo kipande cha neti laini ambacho utakitoa na kukiosha kila wiki. Usiweke kitambaa kizito, maana kitazuia hewa kama uchafu ule ule uliokuwa unaukimbia. Kisha usiguse kasha dogo la pawa saplai, lile linaloingiza umeme wa ukutani kwenye kompyuta, hata kama feni yake nayo imepakaa mafuta. Ndani yake mna kapasita, vifaa vya kuhifadhi chaji, zinazoweza kubaki na zaidi ya volti 300 baada ya waya kuchomolewa, na hiyo ni kazi ya fundi wa umeme au ni sababu ya kununua nyingine.

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua kadi ya michoro iliyotumika, hapa Mombasa, kwa ajili ya kuhariri video. Nilipoifungua nimekuta majimaji ya mafuta yasiyo na rangi yamezunguka chipu na kuchuruzika hadi kwenye mapezi. Aliyeniuzia anaapa kuwa haijawahi kuingia maji. Je, imevuja kitu, na niirudishe? — Kijana wa Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Aliyekuuzia yumkini anasema kweli. Zile padi laini za kijivu au za buluu zilizobanwa kati ya chipu za kumbukumbu na hitisinki hutengenezwa kwa silikoni iliyochanganywa na unga wa kauri, na zikipashwa joto na kubanwa kwa miaka hutoa jasho la mafuta ya silikoni. Mafuta hayo hayapitishi umeme, kwa hiyo hayajaunguza kitu. Ubaya wake ni kukusanya vumbi, pamoja na kukupa habari kwamba padi zimezeeka.

Tofauti na hitisinki ya mama wa Tanga, hapa hatutumii maji, kwa sababu unachosafisha kimo kwenye ubao wa umeme. Tumia aisopropili ya asilimia 99 na vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi, uvibadilishe mara kwa mara. Nasisitiza kubadilisha kwa sababu alkoholi haiyayeyushi mafuta ya silikoni vizuri kama inavyoyeyusha mafuta mengine, hivyo kazi kubwa hufanywa na kitambaa chenyewe kwa kuyanyonya, na kitambaa kilichokwisha kulowa huyasambaza tu. Hitisinki ya kadi, ukishaitenga na feni zake, waweza kuiosha kwa sabuni kama nilivyoeleza juu.

Kabla hujatupa padi za zamani, pima unene wa kila moja mahali pake, upande ambao haukubanwa, na uandike. Huuzwa kwa unene wa milimita 0.5, 1, 1.5, 2 na kuendelea, na kadi moja huweza kuwa na aina mbili au tatu. Ukiweka nene kupita kiasi kwenye kumbukumbu, hitisinki hunyanyuka na chipu kuu haigusani nayo barabara. Ukiweka nyembamba, kumbukumbu ndizo zinazobaki bila kupoozwa. Wengi husafisha vizuri kabisa kisha wakaharibu hapo.

SWALI: Nilisafisha kitako cha hitisinki kwa jeli ya kutakasa mikono iliyobaki tangu wakati wa korona, kwa kuwa chupa imeandikwa alkoholi asilimia 70. Sasa kinanata kuliko mwanzo. Nimekosea wapi? — Msomaji, Arusha

JIBU: Umekosea kusoma asilimia ya alkoholi bila kusoma kilichojaza sehemu iliyobaki. Hata kitakasa mikono cha majimaji kinachotengenezwa kwa kufuata kanuni ya Shirika la Afya Duniani hutiwa gliserini asilimia 1.45 ili mikono isikauke, na jeli huongezewa vitu vya kuifanya iwe nzito. Alkoholi ikiruka, hivyo vyote hubaki. Spiriti ya kusafishia ngozi inayouzwa katika baadhi ya maduka ya dawa ina tatizo kama hilo, kwa kuwa aina nyingine hutiwa mafuta ya mbarika.

Bahati nzuri gliserini huyeyuka katika maji. Futa kitako kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo na maji ya betri, mara mbili au tatu, kiache kikauke kabisa, kisha ufute mara ya mwisho kwa aisopropili. Ukienda dukani, omba chupa ambayo orodha yake ina vitu viwili tu, aisopropili na maji, na kama ina harufu ya maua, irudishe kwenye rafu.